Ruzuku ya dharura inayofika dharura imepita

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Tarehe 27 mwezi huohuo Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Katikati ya tarehe hizo, mashirika yaliyotegemea fedha za Marekani yaliletewa barua za kuacha kazi mara moja, na mkimbizi hasubiri barua. Watu walivuka mpaka kuingia Uganda pale Bunagana, wakavuka Ishasha, wakafikia vituo vya mapokezi vya Nyakabande na Matanda. Wengine hawakutaka hata kusikia habari ya kituo cha mapokezi. Walipanda basi moja kwa moja hadi Kampala kwa sababu wana shangazi Katwe, au namba ya simu ya mchungaji fulani wa Nsambya.

Mei mwaka huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likawaondolea chakula wakimbizi wapatao milioni moja walioko Uganda. Waliokuwa wakifuatilia hawakushtuka. Mwaka 2020 mgao ulishushwa hadi asilimia 70 ya kiwango kamili, mwaka 2021 ukashushwa tena hadi 60, na mwaka 2023 wakimbizi wakapangwa kwa makundi: kundi la kwanza lipate asilimia 60, la pili 30, la tatu lijitegemee. Hayo yanatokea katika nchi yenye wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika, wanaokaribia sasa milioni mbili.

Tangu hapo kila kikao ninachokisikia, kiwe cha Kampala au cha Isingiro, kinazunguka swali moja: fedha zimepungua, nani ataziba pengo? Swali hilo ni la haki, lakini linafunika jingine ambalo lilikuwepo hata fedha zilipokuwa nyingi. Nalo ni hili: usiku wa kwanza wa mtu aliyekimbia hulipwa na nani? Jibu linajulikana na kila anayeishi karibu na wakimbizi. Hulipwa na kikundi cha akina mama, kanisa, msikiti, au asasi ndogo ya wakimbizi wenyewe, na mara nyingi hulipwa kwa deni dukani. Ruzuku, ikija, hufika miezi baadaye, na hupewa mtu mwingine.

Chukulia familia ya watu sita inayoshuka basi Kampala saa tano usiku. Uganda haina mgao wa chakula kwa mkimbizi wa mjini. Sera yake ni kwamba anayetaka kusaidiwa aende kwenye makazi kama Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, na anayechagua mji ajitegemee. Kwa karatasi sera hiyo inaeleweka. Usiku ule lakini haijibu kitu, kwa sababu hata anayetaka kwenda Nakivale anahitaji mahali pa kulala kabla ya kujiandikisha polisi Old Kampala na kufuatilia ofisi ya wakimbizi. Kwa hiyo wanapelekwa kanisani. Viti vya plastiki vinasukumwa ukutani, mikeka inatandikwa, mama mmoja wa kwaya anatumwa kwa muuza duka kukopa unga wa posho kilo tatu, maharage, mafuta ya kupimwa, sabuni. Makaa yanatoka nyumbani kwake. Siku tatu zikipita familia bado ipo, na nyingine imekuja juu yake. Kule Kisenyi Wasomali nao wana misikiti yao na majirani wao wenye kufanya vivyo hivyo, bila mtu kuwaita wadau wala kuwapa kofia zenye nembo.

Uganda ina sheria nzuri. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na kwenye makazi anapewa kiwanja. Kule Bidibidi, wilayani Yumbe, kiwanja cha mwanzo kilikuwa mita 30 kwa 30, pamoja na miti, kamba, panga na turubai. Sifa hizo tumezisikia kwenye mikutano mingi. Tusichosikia ni kwamba kati ya kushuka kwenye gari na kusimamisha ile miti kuna siku ambazo sheria haizigusi, na ndizo siku za jirani.

Mwaka 2016, Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa walikubaliana mambo mengi, mojawapo likiwa kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura iwafikie watendaji wa ndani ya nchi kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ukafika ukapita. Fedha inayokwenda moja kwa moja kwa asasi za wenyeji duniani kote imeendelea kucheza chini ya asilimia 5. Kwa hiyo usidhani kuna kosa la Uganda peke yake hapa. Ni mfumo, na mfumo huo una mitambo yake midogo midogo inayofaa kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Fedha inatoka kwa serikali ya Ulaya au Amerika, inaingia kwa shirika la Umoja wa Mataifa, linaipa shirika la kimataifa lenye ofisi Muyenga au Kololo, nalo likibahatika kumpata mshirika wa ndani linampa kipande. Kila mlango una meneja wake, gari lake, mkaguzi wake na fungu lake la gharama za uendeshaji. Likifika kwa asasi ndogo, fungu hilo limeisha. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambacho asasi ya wakimbizi ilipewa kazi ya kugawa vifaa kwa mamia ya kaya, ikaelezwa kwa upole kuwa bajeti hairuhusu kodi ya ofisi wala mshahara wa mhasibu, lakini ripoti ya fedha itahitajika kila mwezi na lazima iandikwe na mhasibu. Hakuna aliyecheka. Watu waliandika kwenye madaftari yao na kikao kikaendelea.

Halafu kuna masharti ya kuomba. Tangazo linatoka kwa Kiingereza, kwenye mtandao, na muda wake ni wiki mbili. Linataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, cheti cha usajili, kibali cha kufanya kazi wilayani, makubaliano na Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, sera ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, sera ya ununuzi, sera ya kulinda taarifa. Ukiyatazama moja moja hayana ubaya, na mengine yanalinda watu kweli. Ila yakiwekwa pamoja mbele ya kikundi kinachopika sufuria mbili za maharage kila jioni, maana yake ni moja: usiombe. Ukaguzi wa hesabu wa mwaka mmoja na kampuni inayotambuliwa unaweza kula fedha ambazo zingelisha watu hao kwa majuma kadhaa. Wanaofaulu masharti hayo ni wale ambao tayari walishapata ruzuku, kwa hiyo ruzuku inakwenda ilikozoea.

Risiti nazo zina kisa chao. Tangu 2021 mamlaka ya mapato, URA, inasukuma risiti za kielektroniki za mfumo wa EFRIS, na wafadhili wengi wamezipenda kwa sababu zinaonekana kwenye kompyuta. Mama anayeuza makaa pembeni ya barabara ya Juru, huko Nakivale, hana mfumo huo. Mwenye bodaboda aliyebeba magunia hana. Fundi aliyechonga miti ya kibanda hana. Asasi ndogo inabaki na njia mbili: ikanunue mjini Mbarara kwa bei kubwa, ilipe na usafiri, ipate risiti safi, au inunue hapo hapo kijijini kwa bei nafuu halafu mkaguzi aseme gharama hizo hazikubaliki na fedha zirudishwe. Ukituma fedha kwa simu, ada ya kutuma na ya kutoa, pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ambayo serikali inatoza kwenye utoaji, vinatoka mfukoni mwa mpokeaji au mwa asasi, maana hakuna aliyekumbuka kuviweka kwenye bajeti. Ni mambo madogo. Ila yanaua vikundi vizuri kuliko ukosefu wa fedha wenyewe.

Na baya kuliko yote ni marejesho. Ruzuku nyingi ndogo zinalipwa nusu kwanza na nusu baada ya ripoti, au zinataka asasi itumie kwanza halafu idai. Huko kwenye makampuni hiyo ni kawaida. Kwa kikundi ambacho mtaji wake ni sadaka ya Jumapili, kutumia kwanza maana yake ni kukopa, na riba ya anayekopesha kwenye makazi inapita ile ya benki. Dharura ya mfadhili mwenye fedha ikageuka kuwa dharura ya mwenyekiti wa kikundi, anayejificha mwenye duka asimwone.

Ukiuliza kwa nini mambo yako hivyo, utajibiwa maneno mawili: uwezo na uaminifu. Asasi ndogo hazina uwezo wa kushika fedha, na zikizishika zitazila. Tuanze na la pili. Mwaka 2018 ilibainika kuwa hesabu ya wakimbizi wa Uganda ilikuwa imevimba. Maafisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu walisimamishwa kazi, uhakiki wa alama za vidole ukafanywa nchi nzima, na idadi iliyotangazwa kuwa milioni 1.4 ikashuka hadi kama milioni 1.1. Mwaka 2023 mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja yalikutwa yamefika mahali pengine kabisa, na waziri wa Karamoja, Mary Goretti Kitutu, akafikishwa mahakamani, na wenzake serikalini nao wakashtakiwa. Sitaji mambo haya ili kusema asasi ndogo ni za malaika. Nasema kwamba katika kashfa hizi kubwa za chakula na makazi, chakula kilipotea na mabati yalipotea juu, kwenye ofisi zenye wahasibu wengi na mihuri mingi, na bado kinachodaiwa miaka mitatu ya ukaguzi ni kikundi cha Rubondo, kule Nakivale.

La uwezo lina ukweli zaidi. Kuna vikundi ambavyo havijui kuandika kitabu cha fedha. Lakini uwezo haushuki kutoka mbinguni. Mtu anajifunza kushika fedha kwa kushika fedha. Na serikali yenyewe imekwisha kuamua jambo hili kwa raia wake. Mpango wa Maendeleo ya Parokia (parokia hapa ni eneo la utawala chini ya kata ndogo, si ya kanisa) uliozinduliwa Februari 2022 unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parokia, parokia zaidi ya elfu kumi, na mwanakijiji anapata hadi milioni moja kupitia chama cha akiba na mikopo cha hapo hapo. Mpango huo una matatizo tele, sote tunayasikia redioni. Hata hivyo hakuna aliyesema parokia isubiri miaka mitatu ya ukaguzi kwanza. Serikali iliamua kwamba ni heri kujifunzia njiani. Kama parokia moja ya Isingiro inaaminiwa milioni 100 za kununulia mbuzi na kahawa, sioni hoja ya kuikatalia kamati ya wilaya hiyohiyo milioni 100 za kulisha watu waliolala nje.

Hapa nitavuka bahari kidogo, nieleze utaratibu ambao hao hao Wamarekani wanao kwa ajili ya nyumbani kwao. Machi 1983, uchumi wao ukiwa umedorora na watu wakipanga foleni za supu, bunge lao lilitenga dola milioni 50 za chakula na malazi ya dharura. Hawakuzikabidhi wizara moja izigawe. Waliunda bodi ya taifa ambayo inaongozwa na wakala wa maafa wa serikali kuu, FEMA, na wajumbe wake wanatoka kwenye taasisi zinazofanya kazi hiyo siku zote: Msalaba Mwekundu, Jeshi la Wokovu, mashirika ya hisani ya Wakatoliki, baraza la makanisa, mashirikisho ya Wayahudi, na United Way. Mwaka 1987 mpango ukapata mahali pake kwenye sheria ya kusaidia wasio na makazi.

Ufundi wake uko chini. Bodi ya taifa hugawa fedha kwa kanuni inayotazama ukosefu wa kazi na umaskini wa kila eneo, bila kusubiri mtu aandike andiko zuri. Kila eneo linalopata fungu lina bodi yake ya mtaa, yenye wajumbe wa taasisi zilezile, mtu wa serikali ya mtaa, na mtu asiye na makao au aliyewahi kukosa makao. Palipo na ardhi iliyotengwa kwa wenyeji asilia wa Amerika, mwakilishi wao ana kiti. Bodi hiyo lazima itangaze hadharani kwamba fedha zipo, ipokee maombi, ichague. Ikishachagua, fedha inatoka kwa bodi ya taifa moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya asasi inayopika na kulaza watu. Fedha hizo zimewekwa ili kuongezea kazi inayoendelea, si za kuanzishia shirika jipya. Na ukaguzi unalingana na kiasi: anayepata kidogo hadaiwi anachodaiwa anayepata kingi.

Mpango huo haukosi kasoro. Kuanzia 2019 ulitumika pia kugharamia wahamiaji wa mpaka wa kusini, siasa zikaingia humo ndani, na sasa unayumba kama mambo mengine ya huko. Siusifii upendo wake. Ninachokitaka ni muundo wake, hasa vitu viwili: kwamba uamuzi wa nani apewe ruzuku uko mikononi mwa watu wanaoishi mahali hapo, na kwamba fedha inaruka milango yote ya katikati.

Nataka bodi ya namna hiyo katika wilaya za Uganda, na nusu ya sehemu za mtambo huo tayari tunazo. Sera ya taifa ya kujiandaa na kusimamia maafa ya mwaka 2010 inataka kila wilaya na kila kata ndogo iwe na kamati ya maafa. Kwenye makazi ya wakimbizi kuna mabaraza ya ustawi, yale ya RWC, yaliyopangwa kuanzia kijiji kwenda juu. Kuna jukwaa la wawakilishi wa wakimbizi linalopeleka maoni yao kwenye ngazi ya taifa. Lakini kamati ya maafa isiyo na fungu ni orodha ya majina. Mlima ukishaporomoka ndipo kamati inaitwa, inaandika barua Kampala, inasubiri lori. Bududa mwaka 2010, Bududa tena mwaka 2018, Bulambuli Novemba 2024: kila mara watu wa kwanza kuchimba tope na kupika uji ni majirani na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Kasese, baada ya mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2020, familia zilipelekwa Muhokya kwa muda, na muda huo ukahesabiwa kwa miaka.

Fedha ya dharura ya serikali nayo ina historia ya kusikitisha kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 ilianza kwa kusema mfuko wa tahadhari upate asilimia 3.5 ya bajeti. Kabla mwaka haujaisha ikarekebishwa ikawa asilimia 0.5.  Mkimbizi hayumo, yeye anahesabiwa kuwa ni wa wafadhili. Kwa hiyo mvua ikinyesha Kisoro na risasi zikilia Bunagana siku moja, kata ndogo moja inakuwa na watu wa aina mbili wasio na pa kulala, kila aina na ofisi yake, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ndiye anayewaona wote.

Pingamizi zipo, na baadhi zinanisumbua. Kwanza ni zile asasi za mkobani, ambazo ofisi yake ni begi la mkurugenzi, mhasibu ni mkewe, na picha za watoto walengwa ni zilezile kila mwaka. Nakivale zipo, Kampala zipo. Ila jaribu kumuuliza mkazi wa kijiji husika ni zipi, atakutajia kwa majina kabla hujamaliza swali. Asiyejua ni yule anayesoma andiko akiwa Geneva. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka uamuzi uwe karibu.

La pili ni gumu zaidi. Makazi yetu yana makabila, na makabila yalikuja na vita vyao. Kamati ikishikwa na kundi moja, Mnyamulenge atalalamika kuwa Mbembe amemnyima, Mhema atamtazama Mlendu, na kanisa lenye mchungaji mwenye sauti litajaza kila fomu. Siwezi kuahidi kwamba hilo halitatokea. Kinga ninayoiona ni ya kizamani: orodha ya waliopewa ruzuku na kiasi chao ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za hapo, na kiti cha kila jamii kiwe na mwisho wa muda wake. Mtu aliye kwenye foleni ya maji akiweza kusoma kuwa kikundi fulani kilipewa milioni nane za turubai, ukaguzi umeshaanza.

La tatu ni siasa. Chakula ni kura, na serikali yetu inalijua hilo kuliko mtu yeyote. Aprili 2020, wakati wa kufungiwa kwa ajili ya korona, wanasiasa walikatazwa kugawa chakula, na mbunge Francis Zaake wa Mityana alikamatwa baada ya kuwagawia watu wake. Serikali ilikuwa ikigawa yenyewe Kampala na Wakiso, kilo sita za unga na tatu za maharage kwa kila mtu, na wakimbizi wengi wa mjini walilalamika kwamba wagawaji waliruka milango yao. Ni asasi zao ndogo zilizohangaika kuwatafutia. Tangu 2021, baada ya mashirika 54 kuambiwa yasimamishe shughuli, kila asasi inajua kwamba fedha za nje zinaweza kuiletea wageni wasiotarajiwa. Kwa hiyo bodi ya wilaya isiyo na mtu wa serikali haitaishi mwezi. Afadhali afisa tawala wa wilaya na mtu wa Ofisi ya Waziri Mkuu wakae humo waziwazi, wakiwa na kura moja moja kama wengine, kuliko wakae nje wakiwa na kura zote.

Kuhusu wakati, tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2015, huko Teso, Msalaba Mwekundu wa Uganda na washirika wake Wajerumani walitoa fedha kwa kufuata utabiri: kiwango cha hatari kilikubaliwa mapema, utabiri wa mafuriko ulipokivuka, fedha zikafunguka na vifaa vikagawiwa kabla maji hayajafika. Ilihesabiwa kuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani jambo hilo kufanyika. Basi lifanyike na mipakani. Idadi ya watu wanaovuka Bunagana kwa siku inahesabiwa. Ikipita kiwango kilichokubaliwa, fungu la Kisoro lifunguke siku hiyohiyo, bila mkutano wala tathmini ya mahitaji itakayoandikwa na mtaalamu aliyekuja kwa ndege.

Ningeanza na wilaya tatu: Isingiro kwa sababu ya Nakivale, Kisoro kwa sababu ya mpaka, na Bulambuli ambako hakuna makazi ya wakimbizi lakini kuna mlima unaoporomoka, ili isionekane ni mradi wa wageni. Kampala ingefuata, na huko kazi itakuwa ngumu, maana watu wametawanyika na kila mtaa una kanisa lake. Mchango wa serikali utoke kwenye ule mfuko wa tahadhari, hata ukiwa mdogo, kwa sababu mfadhili akiona shilingi ya Uganda ndani ya mfuko hawezi tena kusema anatoa peke yake. Asasi ipewe fedha kabla ya kutumia. Ipewe na asilimia ya uendeshaji ileile ambayo shirika la kimataifa lingejipa, yaani mhasibu alipwe. Risiti ya mkono yenye jina, namba ya simu na sahihi ya shahidi ikubaliwe kwa manunuzi madogo ya kijijini. Na atakayekula fedha aondolewe na jina lake libandikwe ukutani palepale, bila kuwafungia wengine wote.

Mashirika makubwa yatasema yanahitajika kusimamia ubora. Yapo yanayohitajika: kuleta tani za unga kutoka bandari ya Mombasa hadi Kyangwali si kazi ya kwaya. Lakini wengine tuwaulize, kwa heshima, kila milioni mia inayopita mikononi mwao inabaki kiasi gani, na watuonyeshe kwenye karatasi. Fedha zilipokuwa nyingi swali hilo lilionekana ni utovu wa adabu. Bajeti ya mwaka ujao inasomwa Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mbunge wa Isingiro, wa Kisoro au wa Bulambuli anaweza kuliuliza bungeni bila kusubiri mfadhili yeyote, akidai pia ile asilimia 0.5 ya mfuko wa tahadhari iguswe upya.